Kubadili matairi au kuweka magurudumu ya pili: mwongozo kwa waendesha baiskeli wa Arusha na Moshi

Naishi Ngaramtoni, kazi yangu ipo Njiro. Siku za kazi nashuka na lami mwanzo mwisho. Jumamosi naiacha lami na kushika njia za ng'ombe za kuelekea Oldonyosambu, vumbi hadi kwenye kope, mbigiri zikinisubiri kama zimeajiriwa. Baiskeli ni moja tu, ya mtumba, ya milima, ringi za inchi 26, breki za diski. Kwa miaka mitatu nilikuwa natoa matairi ya lami kila Ijumaa usiku, navika yenye meno, na Jumapili usiku nayarudisha. Baadaye nikanunua magurudumu ya pili nikiamini nimeuaga usumbufu. Wiki ya kwanza diski ikapiga kelele njia nzima na cheni ikawa inaruka kila nikipanda mlima.

Kwa hiyo mwongozo huu unatoka kwa mtu aliyekosea pande zote mbili. Msimamo wangu nautoa mapema: wengi wetu tunahitaji jozi ya pili ya matairi na mikono iliyozoea, basi. Magurudumu ya pili yana watu wake, nao nitawataja.

Jihesabie kabla ya kununua

Chukua kalenda ya simu. Kwa mwezi mmoja andika kila siku ulipotamani tairi tofauti na ulilokuwa nalo. Usiandike siku ulizowaza tu. Andika zile ulizokuwa barabarani kweli ukateleza, ukakwama, au ukachoka bure kwa kusukuma tairi zito kwenye lami.

Kama mabadiliko yako ni ya msimu, yaani meno wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei, tena kidogo wakati wa vuli, na laini miezi mingine, hapo hakuna mjadala. Badili matairi. Ni kazi ya jioni moja, mara nne kwa mwaka. Kama ni mara moja au mbili kwa mwezi, bado ningebadili matairi. Kama ni kila wiki, kwenda na kurudi, ndipo hesabu inaanza kugeuka, maana ukingo wa tairi na tyubu navyo vinachoka kwa kuvutwavutwa, na wewe unachoka zaidi.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huiruka kwa sababu haina fahari: tairi la kati. Tairi la upana wa milimita 40 hadi 45, laini katikati na lenye meno madogo pembeni, litakupeleka kutoka Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80 za lami, bila kukutesa sana, na litakuingiza kwenye barabara za vumbi katikati ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC wakati wa kiangazi bila shida. Litakushinda kwenye tope. Lakini udongo mweusi wa mbuga ukilowa humshinda kila mtu. Hata tairi lenye meno marefu linajaa likawa donge, na unaishia kuibeba baiskeli begani. Jaribu tairi la kati kwanza. Pengine hutahitaji kusoma yaliyobaki.

Namba za ubavuni

Inchi zinadanganya, hili nilijifunza kwa hela yangu. Kuna "26" ya baiskeli za milima na kuna "26" ya baiskeli za zamani za mjini, na tairi la moja haliingii kwenye ringi ya nyingine. Tafuta ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, na hiyo ndiyo isiyokubali majadiliano. Baiskeli za milima za inchi 26 ni 559. Za inchi 27.5 ni 584. Za inchi 29 na zile za mbio ziitwazo 700C zote ni 622, ndiyo maana mwenye 29 anaweza kuvika tairi jembamba la lami kama ringi yake inaruhusu. Zile nyeusi za mizigo, 28 kwa 1½, ni 635. Ile 26 ya zamani ya 1⅜ ni 590.

Upana nao una mipaka. Ringi yenye nafasi ya ndani ya milimita 19 inabeba vizuri tairi la 28 hadi 50. Kisha angalia fremu na foku: kati ya tairi na chuma pawe na angalau milimita 5 kila upande, na kama unakwenda kwenye matope, zaidi ya hapo. Tope la Arusha huja na changarawe ndani yake, na changarawe hukwangua fremu kama msasa.

Kubadili matairi, hatua kwa hatua

Vifaa ni vichache: liva mbili za plastiki za kutolea tairi, pampu yenye geji, kitambaa kikuukuu, na maji ya sabuni kwenye kikombe. Bisibisi iache kwenye sanduku. Nimeona tyubu nyingi zikifa kwa bisibisi kuliko kwa miiba.

Anza kwa kuosha. Gurudumu chafu linaingiza mchanga ndani ya tairi, na mchanga ndani ya tairi unasaga tyubu taratibu hadi upate pancha isiyo na mwiba. Weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, gurudumu litoke bila kugombana. Kama breki ni za kubana ringi, fungua waya wake kwanza. Kama ni za diski zenye mafuta, usiigeuze baiskeli miguu juu kwa muda mrefu. Hewa kidogo ikiwemo kwenye mfumo inaweza kupanda na breki ikawa laini. Mimi naining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mparachichi. Na gurudumu la diski likishatoka, usibane breki: pedi zitakaribiana na kukusumbua kurudisha. Chomeka kipande cha kadibodi katikati yake.

Sasa toa upepo wote. Wote kabisa, ukikandamiza tairi hadi lisitoe pumzi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawafundishwi: zunguka gurudumu zima ukisukuma kingo za tairi, pande zote mbili, ziingie katikati ya ringi. Katikati pana bonde. Ukingo ukikaa bondeni, upande wa pili wa tairi unalegea kwa milimita kadhaa, na hizo milimita ndizo tofauti kati ya kutoa tairi kwa vidole na kupigana nalo. Ukiona mtu anatumia nguvu nyingi kwenye tairi, karibu kila mara ukingo wake haujaingia bondeni.

Ingiza liva ya kwanza mbali na valvu, inua ukingo, ichomeke kwenye spoku. Liva ya pili sentimita 10 pembeni. Kuanzia hapo itelezeshe izunguke. Toa tyubu, kisha upande wa pili wa tairi vuta kwa mkono.

Kabla ya kuvika jingine, pitisha kitambaa ndani ya tairi ulilotoa na utakalovika. Kitambaa, si kidole. Mbigiri ikivunjika inabaki na ncha ndani ya mpira ambayo jicho haliioni, lakini kitambaa kitanasa. Miba ya migunga nayo hukaa hivyo hivyo kwa wiki nzima kisha ikatoboa tyubu mpya siku uliyochelewa. Tazama pia utepe unaofunika vichwa vya spoku kwenye ringi. Ukiwa umesogea au umekauka, kata ukanda wa tyubu ya zamani wenye upana wa ringi ukauvalishe. Mafundi wetu wamefanya hivyo miaka yote na inafanya kazi, mradi usikunjike.

Tafuta mshale ubavuni mwa tairi jipya unaoonyesha upande wa kuzunguka. Panga maandishi makubwa ya tairi yaelekeane na valvu. Si urembo: siku ukipata pancha, tundu kwenye tyubu litakuambia ni sehemu gani ya tairi uutafute mwiba.

Vika ukingo mmoja wote. Ipe tyubu upepo kidogo, iwe na umbo la duara tu, ndipo uiingize, valvu kwanza. Ukingo wa pili anza kuuingiza upande ulio mbali na valvu, ukija na mikono miwili pande zote, na umalizie kwenye valvu. Sababu ni lile bonde tena: pale penye valvu ukingo hauwezi kuzama, kwa hiyo ukianzia hapo umejinyima ulegevu. Sentimita za mwisho zikigoma, rudi nyuma uzungushe tena kusukuma kingo bondeni, paka maji ya sabuni, kisha sukuma kwa viganja. Mafuta na grisi hapana. Vinaharibu mpira na vinafika kwenye breki.

Imeingia? Sukuma valvu ndani kidogo kisha ivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Zunguka ukikunja tairi pembeni kwa kidole gumba uone kama tyubu imechungulia popote. Jaza nusu ya upepo. Tazama ule mstari mwembamba ulio karibu na ringi pande zote mbili. Ukionekana sawa mzunguko mzima, tairi limekaa. Mahali mstari umezama au umevimba, toa upepo na ulisogeze. Ukijaza moja kwa moja bila kutazama, tairi linaweza kuchomoka na tyubu ikapasuka kwa mlio wa kuamsha mtaa. Mimi niliamsha mtaa, saa nne usiku, na jirani alitoka na panga.

Upepo wa mwisho: soma kikomo kilichoandikwa ubavuni, usikivuke. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi laini la inchi 26 kwa 1.5 naanzia PSI 60 (PSI ni kipimo cha upepo kwenye geji), na lile lenye meno la 2.1 kwenye vumbi naanzia 30 hadi 35. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Ukijazia kituo cha mafuta, bonyeza kidogo kidogo na kuachia. Mashine ile imezoea matairi ya magari, na tairi la baiskeli linajaa kwa sekunde chache.

Rudisha gurudumu baiskeli ikiwa imesimama chini kwa uzito wake, ili ekseli ikae hadi mwisho wa nafasi yake kabla ya kukaza. Zungusha, bana breki, zungusha tena. Funga tena waya wa breki ulioufungua. Hilo la mwisho usilicheke, utalisahau siku moja na utalikumbuka kwenye mteremko wa kwanza.

Mara ya kwanza kazi yote itakula saa nzima na zaidi. Mimi sasa natumia dakika 25 kwa matairi mawili, redio ikiwa imewaka.

Ushauri mmoja wa tyubu: kila jozi ya matairi iwe na tyubu zake, uzihifadhi pamoja. Tyubu iliyovutika ndani ya tairi pana ukiirudisha kwenye jembamba inajikunja, na penye mkunjo ndipo itakapotoboka. Angalia pia tundu la valvu kwenye ringi. Valvu nene kama ya gari inahitaji tundu la milimita 8, ile nyembamba ya baiskeli za mbio milimita 6. Nyembamba ndani ya tundu kubwa inahitaji kishikizo, la sivyo shina lake linakatika.

Magurudumu ya pili

Watu husema "nanunua ringi mbili tu". Andika orodha nzima uone: ringi mbili, habu mbili (vitovu vya magurudumu), spoku, kazi ya fundi ya kuunga na kunyoosha, kaseti (rundo la gia za nyuma), diski mbili, utepe, tyubu mbili, na bado yale matairi mawili ambayo ungeyanunua hata hivyo. Nenda na orodha hiyo dukani uulizie bei ya kila kimoja. Kwangu mimi jumla ilizidi nusu ya bei niliyonunulia baiskeli yenyewe.

Ukiamua, vipimo hivi vilingane na magurudumu ya kwanza kabla hujatoa hela. Ekseli: zile za mkono wa kufungulia haraka huwa milimita 100 mbele, na nyuma 135 kwa baiskeli ya milima au 130 kwa ya mbio zenye breki za ringi. Zile za kuchomeka ekseli nene zina vipimo vyake, kwa mfano 100 kwa 15 mbele, 142 kwa 12 au 148 kwa 12 nyuma, na hazibadilishani. Kaseti: idadi ile ile ya gia. Diski: kipenyo kile kile, 160 na 160, na ujue kama habu yako inashika diski kwa bolti sita au kwa pete ya katikati. Kama breki zako zinabana ringi, ringi za jozi zote mbili ziwe na upana mmoja, vinginevyo kila ukibadili gurudumu utakuwa unarekebisha waya. Na ikiwa ringi moja ni ya alumini na nyingine ya chuma cha kung'aa, fikiri upya: chuma kikilowa, breki inachelewa mno kushika. Kuteremka kutoka Machame kwenye mvua siyo mahali pa kuligundua hilo.

Kwa mitumba, zungusha gurudumu mkononi ukitazama kama linayumba, tikisa ekseli usikie kama gololi zimelegea, na kagua meno ya kaseti. Mimi sikuyakagua. Kaseti niliyouziwa ilikuwa imetafunwa, na cheni yangu ilikuwa mpya. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika inaruka, hasa unapokanyaga kwa nguvu. Fundi wangu alitazama mara moja tu akasema, "Chalii angu, hapa umenunua ringi, kaseti umepewa zawadi." Ilibidi ninunue nyingine.

Tangu hapo napima cheni kila mwezi, na ukiwa na kaseti mbili nawe fanya hivyo. Weka rula ya inchi juu ya cheni iliyokazwa, sifuri ikiwa katikati ya pini. Kwenye cheni mpya, inchi 12 inaangukia katikati ya pini nyingine. Pini ikiwa imepita kwa milimita 1.5, badili cheni. Ukichelewa, kaseti ya siku za kazi italika pamoja na cheni na ile ya Jumamosi itabaki nzima, na cheni yoyote utakayoweka itakubaliana na moja na kugombana na nyingine.

Kelele ya diski ina dawa. Vika gurudumu la kwanza, legeza kidogo bolti mbili zinazoshika breki kwenye fremu, bana breki kwa nguvu, na ukiwa umeibana hivyo hivyo kaza bolti. Sasa vika gurudumu la pili. Likikwaruza, usirudi kwenye zile bolti, maana utaharibu la kwanza. Diski yake imekaa pembeni zaidi au ndani zaidi kwa sehemu ya milimita. Kwa diski za bolti sita kuna vipete vyembamba vya milimita 0.2 vya kuweka chini ya diski. Weka kwenye gurudumu ambalo diski yake imekaa ndani zaidi, hadi zote mbili zikae mahali pamoja. Njia rahisi kuliko zote ni kununua habu za aina moja tangu mwanzo. Ukipenda, pima pia unene wa diski: mpya nyingi ni milimita 1.8, na ikifika 1.5 itupe.

Baada ya hapo, kweli, kubadili kunachukua dakika tatu. Raha yake siikatai.

Nani hasa anayahitaji? Kwanza ni yule anayebadili kila wiki, kama nilivyosema. Wa pili ni anayetumia matairi yasiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba pancha ndani. Kwa nchi ya mbigiri dawa hiyo ni neema, lakini kila ukitoa tairi unaimwaga, unafuta, unajaza nyingine, na unahitaji upepo wa ghafla ili tairi likae. Huwezi kufanya hivyo kila Ijumaa. Kumbuka tu kwamba dawa inakauka ndani ya miezi michache, mapema zaidi kwenye joto la Moshi, hata kwa gurudumu linaloning'inia ukutani bila kutumika.

Wa tatu ni yule ambaye hana haja na tairi la aina nyingine kabisa: mbeba mizigo. Wanaoshusha maziwa, majani ya ng'ombe na ndizi kutoka vijijini milimani kwa baiskeli nyeusi hawajali lami wala vumbi, tairi ni lile lile. Kinachowasimamisha ni gurudumu la nyuma. Baiskeli hizo kwa kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na zikianza kukatika hazikatiki moja. Moja ikienda, jirani zake zinabeba mzigo wake na kufuata. Gurudumu linalala kwa fundi siku nzima, na maziwa hayasubiri.

Kwa huyu, gurudumu moja tu la ziada, la nyuma, ni la maana kuliko jozi nzima kwangu mimi. Liungwe kwa spoku nene, linyooshwe, habu ipakwe grisi, friwili (gia ya nyuma ya baiskeli hizi) iwe imefungwa tayari na yenye meno sawa na ile ya zamani, tairi na tyubu viwe ndani na vimejazwa. Litundikwe kivulini, mbali na jua na mafuta ya taa, na upepo ukaguliwe kila Jumapili. Spana ya nati za ekseli ifungwe kwa kamba kwenye spoku zake hapo hapo, isiazimwe na mtu. Spoku zikikatika saa kumi na moja alfajiri, anafungua nati mbili, anahamisha cheni, anakaza, anapakia madumu.